Mpangaji Nisiyempitisha

Chumba changu cha uani hakina mtu tangu mavuno, na sitaki kukipangisha.

Aliyekuwemo alikuwa mama wa Kirundi, fundi cherehani. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo. Mimi mume wangu ni marehemu, watoto wametawanyika. Nilikuwa naingoja sauti ile kuliko chai.

Majirani hawakumtaka. Bombani waliirudisha ndoo yake nyuma ya foleni. "Mrundi, kwenu hakuna maji?" Wakacheka. Siku moja nguo za wateja alizozianika zikamwagiwa majivu.

Mimi sina maneno laini. Nilisimama bombani nikawatukana wote, wakubwa kwa wadogo. Siku ya kupura uwele wangu ilipofika, hakuja hata mmoja. Tulipura wawili, mimi na yeye, siku tatu, makapi yakituingia machoni. Siku ya tatu akaniuliza, "Bibi, nikiondoka watarudi kukusaidia?"

Nikamwambia asinichoshe.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa jirani mwenye ulimi mkali kuliko wote. Tuliolewa mwaka mmoja, mimi na yeye. Nilimkuta anapepeta. Nikachukua ungo wa pili, nikakaa chini.

"Umekuja kumalizia matusi?"

"Nimekuja kukusikiliza."

Alimaliza ungo mzima ndipo akasema. "Shamba langu limepimwa viwanja. Watu nisiowajua wamejenga ukuta, na kaburi la mwanangu limo ndani. Nikitaka kulipalilia napiga hodi kwa mlinzi. Halafu na uani kwako naona mtu nisiyemjua."

"Ukuta hakuujenga yeye."

"Najua. Lakini wewe hukumpitisha."

Kwetu mgeni hajitambulishi mwenyewe. Mwenyeji humshika mkono, akampitisha nyumba kwa nyumba, aonje chakula kila jiko. Baada ya hapo akionewa, tumeonewa wote. Mimi niliona analipa kodi, basi nikamhesabu mpangaji, si mgeni.

"Mlete leo," alisema. "Nitapika mlenda. Na aje na futi yake, gauni langu la kanisani limenibana. Najua utasema nimenenepa."

"Umenenepa."

Akanirushia makapi.

Nilirudi mbio, kwa mbio za miguu hii. Chumba kilikuwa wazi, kimefagiliwa, ufunguo upo dirishani. Uwele uliobaki alikuwa ameupepeta wote usiku, akaufunga kwenye gunia. Mwenye bodaboda aliyempeleka stendi alisema nilipotoka tu, naye akatoka. Hakusema anakwenda wapi. Simu yake haipatikani mpaka leo.

Jumapili jirani alikuja mwenyewe na bakuli la mlenda. Alisimama kwenye mlango wa kile chumba, hakuingia.

"Angengoja kidogo," alisema.

"Angengoja nini? Tulimpa nini cha kungojea?"

Tukakaa kizingitini tukala wawili. Chakula kilibaki, maana alikuwa amepika cha watu watatu.