Shamba la Mzee Nusu

Mzee Nusu hakuzaliwa na jina hilo. Majirani ndio waliompachika, kwa kuwa tangu ujana wake hakuwahi kumtajia mtu wa serikali hesabu kamili ya kitu chochote. Akiwa na mbuzi kumi, atasema watano. Akivuna magunia ishirini, "Ah, mwaka huu kumi tu, tena kwa kudra." Kwingine kote alikuwa mkweli, deni alilipa, na ahadi alitimiza. Ila baba yake, aliyewahi kuswagiwa ng'ombe wote kwa sababu ya kodi, alimwachia wosia mmoja: ajaye na kalamu mpe nusu, nusu ibaki kwa watoto.

Basi karani wa kuandikisha wakulima alipopita, ulimi ulitangulia akili: eka moja na nusu. Shamba lilikuwa eka tatu.

Wiki mbili baadaye tangazo likabandikwa mlangoni mwa ofisi ya kilimo, pamoja na orodha ya wakulima na eka zao. Ruzuku ya mbegu na mbolea italipwa kwa eka, na mwisho wa kusahihisha majina na vipimo ni Ijumaa.

Mkewe aliisoma orodha mara mbili, akarudi nyumbani, akakaa bila kuvua viatu.

"Baba watoto, lile shamba jingine tumempa nani?"

"Lipo."

"Lipo wapi? Mbolea ya eka moja na nusu nikiigawa kwenye eka tatu, tutavuna majani. Mwaka jana si tulikula unga wa dukani miezi minne?"

Mzee aliijua hesabu kamili. Ilikuwa mitano.

Ijumaa alivaa shati la kutokea, akapanga foleni. Afisa kilimo alikuwa msichana, rika la kitinda mimba wake.

"Binti yangu, kwenye eka zangu kuna kosa kidogo."

"Kosa la nani, mzee?"

Foleni nzima ikatega masikio.

"La kwangu. Nilitaja nusu."

"Hapo umetuambia jipya?" jirani yake akadakia kutoka nyuma. Watu wakacheka.

Afisa hakucheka. "Kusahihisha ni lazima nije kupima. Na kipimo changu ndicho watu wa mfereji wa umwagiliaji watakachotumia kukutoza maji, mwaka huu na miaka yote. Ukitaka kwenda zako, nenda sasa."

Mzee aliutazama mlango kitambo.

"Njoo upime," akasema.

Walilizunguka shamba mchana huohuo: mzee mbele, afisa na kifaa chake mkononi, mke nyuma. Bondeni, mbele ya matete marefu, afisa akasimama.

"Mpaka ni hapa?"

Yeyote angeapa kuwa ni hapo. Mke aliinamisha macho, akatazama vidole vya miguu yake. Mzee akayatenga matete kwa mikono miwili.

"Bado. Pita huku, binti yangu, angalia tope."

Kifaa kilitoa eka tatu na robo. Hiyo robo hata yeye hakuijua. Alikuwa ameificha mpaka ikampotea mwenyewe.

Ruzuku iliingia kabla ya mvua, ya eka tatu na robo. Baadaye ikaja ankara ya maji, eka tatu na robo vilevile. Mzee aliilipa huku akinung'unika njia nzima, na mkewe akamwacha anung'unike, maana mahindi yalikuwa yameshawafika kiunoni.