Jeneza Juu ya Mtaro

Alimasi, fundi viatu na mwadhini wa msikiti mmoja wa Rumonge, hakutembea tangu utotoni. Alikalia ubao wenye magurudumu manne ya chuma, akajisukuma kwa mikono. Kwa miaka ishirini aliivuka barabara ya Nyanza-Lac kwenda msikitini bila kumwomba mtu msaada.

Juni 1962, zikiwa zimebaki wiki mbili nchi ipate uhuru, komini, yaani serikali ya mji, ilichimba mtaro mbele ya nyumba yake ili mji upendeze machoni mwa wageni. Mtaro ukapendeza. Wenye miguu waliuruka. Alimasi alibaki kwake.

Siku ya kwanza alikubali kubebwa na Feruzi na Assumani, wachukuzi wa mawese. Mikono yao ilikuwa bado na mafuta. Alipotolewa mtaroni aliapa:

"Sibebwi tena. Mimi si gunia la samaki wa ndagala."

Ijumaa aliadhini barazani kwake. Waumini, waliozoea kuifuata sauti, wakatandika mikeka hapo hapo, kati ya viatu vinavyongoja soli. Ng'ambo ya barabara, Imamu Mustafa alibaki msikitini na paka wawili.

"Alimasi! Sala iko huku!"

"Najua ilipo, shehe. Njia ndiyo siioni."

Imamu akatafuta mbao ndefu. Zilikuwepo za jeneza la msikiti tu. Likaletwa, likalazwa juu ya mtaro.

"Mume wangu hajafa!" Kadidja, mkewe, akapiga kelele.

"Ndiyo maana najisukuma mwenyewe," Alimasi akajibu, akavuka.

Jeneza likabaki pale pale. Bwana Léonard, mkuu wa komini, alipita na baiskeli, akavua kofia. Kesho yake akavua tena. Siku ya tatu akasimama.

"Kwani mtu huyu hazikwi?"

"Hakuna maiti, Bwana Mkubwa," Alimasi akajibu kutoka barazani. "Ni daraja."

"Wageni watoke Usumbura wapokewe na jeneza? Litoe!"

"Nitalitoa. Na siku ya sherehe nitaadhini hapa. Watu mia mbili watasali mbele ya maandamano yako."

Jumatano saruji ikamwagwa: daraja pana, lenye mteremko mpole, fundi akilipima kwa ubao wa Alimasi mwenyewe.

Ijumaa Alimasi alitoka mapema. Akakuta mbele yake wanawake wenye makarai ya ndagala, baiskeli nne za mawese, na bibi mmoja akimvuta mbuzi asiyetaka kuvuka.

"Mama, daraja hili ni langu!"

"Ni la komini, baba. Panga mustari."

Siku ile adhana ilichelewa.