Chuma cha Musa ukurasa wa mbele

Leo mteja amemtukana fundi wangu Musa mbele yake, wala hakujua ni yeye.

Mzee huyo alikuja kwenye karakana yetu ya kuchomelea vyuma hapa Katwe kuangalia geti lake, gazeti mkononi. Ukurasa wa mbele kuna kijana amefunga kitambaa usoni, ameshika chuma kirefu, nyuma yake moshi wa matairi. Juu wameandika WAHUNI.

"Ndio hawa," akaniambia. "Ndio maana nataka geti zito."

Picha ile naijua. Ncha ya pili ya kile chuma nilishika mimi, wamenikata kwenye picha! Siku ile fujo zilikuwa zimefika barabarani kwetu, tukawa tunakimbiza mali ndani. Na kitambaa? Kila mchomeleaji hufunga, moshi wa kazi hii unaua kifua.

Musa, aliyekuwa akichomelea pembeni, akazima mashine, akashusha kitambaa. Akachukua chaki, akatia alama kwenye chuma kimoja cha geti.

"Mzee, chuma cha kwenye picha ni hiki hapa. Ni chako."

Mzee akalikunja gazeti, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kabisa.

"Pole, mwanangu."

Pole imepokelewa. Lakini kesho Musa analibeba geti hilo kumpelekea mzee, kupita barabara ile ile, na askari nao wanasoma magazeti.

Niambieni ndugu zangu, abebeje chuma?