Kuni Zisizo na Bei

Nilipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya shule yetu, jambo la kwanza nililopitisha lilihusu kuni. Kila mwanafunzi alete vipande viwili Jumatatu na viwili Alhamisi. Asiyeleta arudi nyumbani akavitafute. Wazazi walifurahi kwa sababu mchango wa chakula ulipungua. Kwenye kikao kimoja Korogwe nilisimamishwa na kusifiwa mbele ya wenyeviti wenzangu kwamba shule yangu inapika uji na makande bila kugharamia nishati. Nilirudi kijijini nimevimba kichwa.

Mpishi wa shule alikuwa shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu. Alipikia kwenye mafiga, ndani ya kibanda cha mabati ambacho moshi wake haukuwa na njia ya kutokea isipokuwa mlangoni, na mlangoni ndipo alipokaa yeye. Macho yake yalikuwa mekundu tangu asubuhi hadi jioni. Nikimpa pole alinijibu kwa mzaha: "Wenzangu walilia matanga siku tatu wakanyamaza. Mimi namlilia mdogo wako mwaka wa tisa huu."

Kisha lilikuja agizo la serikali kwamba taasisi zinazopikia watu wengi ziache kutumia kuni na mkaa ovyo, zihamie kwenye nishati safi. Baada ya agizo akaja afisa wa mfuko mmoja wa fedha za nishati, binti mpole, na fomu zake. Alitueleza kwamba shule ikikubaliwa itajengewa jiko banifu, lenye sufuria zinazozama ndani na bomba linalotoa moshi nje juu ya paa. Nusu ya gharama ingekuwa ruzuku. Nusu nyingine ingekuwa mkopo, nao ungelipwa polepole kwa fedha ambayo shule ingeokoa kwa kutumia kuni chache.

Katika kamati ni mimi peke yangu niliyemaliza kidato cha nne. Nilipata kuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Mazinde, kwa hiyo karatasi yoyote ya serikali ililetwa kwangu. Tulikaa darasani, nikatoa kalamu, nikafika kwenye swali: shule inatumia kiasi gani kwa mwezi kwa ajili ya kuni?

Nikaandika: Hakuna.

Mwalimu mkuu alichungulia. "Mzee mwenyekiti, hapo tungeweka thamani yake. Tuulize bei ya mzigo pale Segera, tuzidishe."

"Mwalimu, unataka tuidanganye serikali? Kuni za watoto nazo zina bei?"

"Zina jasho, mzee."

"Jasho halina risiti."

Wajumbe walicheka. Shemeji yangu alikuwa ameingia na birika la chai. Aliliweka mezani, akafuta macho kwa upindo wa khanga, akasema, "Basi shemeji, andika na haya macho yangu. Hayo nayo yanatumika kila mwezi."

Nami, kwa kuwa watu walikuwa bado wanacheka na nilitaka waendelee kucheka, nikamjibu, "Macho yako shemeji nani atayanunua? Yashachakaa hayo."

Walicheka sana. Naye alicheka, akamimina chai.

Nimeyaandika maneno hayo hapa kama nilivyoyasema. Ningeweza kuyalainisha, lakini nimekwisha kulainisha mengi.

Barua ya majibu ilipokuja niliisoma peke yangu. Ilisema kwa adabu kwamba shule yetu haikuonyesha gharama yoyote ya kuni, kwa hiyo hapakuwa na akiba ambayo ingelipa mkopo. Ilisema pia kwamba tukiona tumekosea tunaweza kujaza upya. Niliikunja nikaiweka chini ya nguo sandukuni. Kwenye kikao nikatangaza kwamba tumenyimwa. Nikasema, na najua nilivyosema, kwamba wakubwa wamependelea shule za Handeni.

Wazazi walikasirika kwa niaba yangu. Walimu hawakuuliza tena. Shemeji yangu alinikuta njiani akaniambia, "Usijisumbue shemeji. Umehangaika vya kutosha." Nikamwitikia "asante".

Mwaka uliofuata nilikwenda msibani Handeni. Maiti alipokwisha kuzikwa, nilipita kwenye shule iliyokuwa jirani kuomba maji. Mpishi wao alikuwa amesimama pembeni ya jiko lake, amevaa kitambaa cheupe kichwani, na kitambaa kilikuwa bado cheupe. Nikamwuliza wanalipaje mkopo. Akasema hajui hesabu, ila mwenyekiti wao alikuwa amepimisha mizigo ya kuni ya wiki nzima kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi, akaijazia fomu bei ya sokoni. "Mbona nanyi mngeweza, baba," aliniambia. Nilikunywa maji nikaondoka. Hata hapo sikuitoa ile barua sandukuni.

Kwa hiyo sikukiri kwa hiari yangu. Aliyenifikisha hapo ni yule binti afisa, aliyerudi kuzungukia shule zilizokosa. Alinisalimu shikamoo, kisha akaniuliza mbele ya kamati nzima, bila ubaya wowote, "Mzee, ile barua yetu ya kuwaomba mjaze upya, hamkuipata?"

Mwalimu mkuu alinitazama. Nikasema, "Tuliipata. Niliipata mimi." Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Shemeji yangu hakuwapo. Wiki kadhaa kabla alikuwa amepelekwa hospitali Korogwe, akarudi na agizo la kutokaribia moshi tena. Jicho la kushoto lilikuwa halioni isipokuwa mwanga. Kwa la kulia alimwona mtu kwa umbo tu, akamtambua kwa sauti.

Nilimfuata nyumbani alasiri ile ile, na fomu mpya mkononi. Alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nilimweleza yote: barua, sanduku, uongo wa Handeni. Nilimwambia pia kwamba nakumbuka nilichosema siku ya chai. Aliendelea kupukuchua. Punje zilianguka kwenye ungo, na mimi sikujua niweke wapi mikono.

"Walicheka sana siku ile," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Na mimi nilicheka. Unajua kwa nini? Ningelia, mngesema ni moshi."

Nilimwomba msamaha, na hakunijibu kama amenisamehe. Aliuliza hiyo karatasi inataka nini. Nikamwambia inataka mizigo mingapi kwa siku, na saa ngapi za kupika.

"Wakileta hilo jiko, nitapika mimi?"

"Hapana, shemeji. Atapika mwingine. Yule mama mgeni aliyeshika nafasi yako."

"Ana watoto wadogo yule." Akausogeza ungo pembeni. "Basi andika. Mizigo minne siku ya uji. Ya makande saba, na kuni zikiwa mbichi usihesabu, utachoka. Kuwasha ni saa kumi na moja alfajiri. Umeandika?"

"Naandika."

"Nisomee."

Nikamsomea.