Viatu vya Baba Mdogo

Harufu ya dawa ya viatu hunirudisha kwenye mkeka wa bibi. Baba mdogo, karani wa reli pale Tabora enzi za Mwingereza, alikuja kijijini na viatu vinavyong'aa. Tulipomkaribisha chakula, akabaki kitini.

"Mjini hatuli chini," alisema, "wala hatuchangii sahani."

Babu aliacha kumega ugali. Bibi akaleta beseni la maji, akapiga magoti, akaanza kumfungua kamba za viatu.

"Mama, unafanya nini?"

"Bwana Yesu aliosha miguu ya wavuvi. Ya mwanangu itanishinda?"

Baba mdogo akateremka mkekani, macho yamelowa, akamega tonge pamoja nasi.

Viatu vyangu leo vinang'aa kuliko vile. Nikifika kijijini huvivua mlangoni, nikamshukuru marehemu bibi moyoni, nikakaa chini.