Ubao wa Mashine ya Kahawa

Miguu yangu iliharibiwa na homa nikiwa mdogo, huko kwetu Muleba, na nilipofikia umri wa kuposwa ilikuwa bado inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi. Kutembea nilitembea, kwa kushika kuta. Kilichonishinda ni kupiga magoti mbele ya mgeni, kumpa kahawa ya kutafuna, kisha kuinuka mwenyewe. Kwetu sisi Wahaya, msichana asiyeweza hilo hakuwa na mchumba. Ndivyo ilivyokuwa enzi za Mwingereza, na sitaki mtu aniambie zamani kulikuwa kuzuri.

Shangazi yangu wa Bukoba mjini ndiye aliyejitia udaktari. Alikaa Miembeni, jirani na mashine ya kukoboa kahawa, na aliwasikia wapagazi wakisema kwamba ukisimama juu ya ule ubao ulio kando ya injini, miguu iliyokufa ganzi inaamka. Basi akaja kunichukua. "Nimpeleke mjini," akamwambia baba, "huku majirani watamcheka." Baba akakubali, maana aibu ilimuuma yeye kuliko miguu ilivyoniuma mimi.

Kila asubuhi nilifungwa kwenye nguzo kwa kanga ya shangazi, nikasimamishwa juu ya ubao, injini ikawashwa. Jamani, ule mtikisiko. Meno yaligongana mpaka nikajing'ata ulimi. Magoti yakilegea, shangazi alinichapa kwenye miundi kwa kijiti cha mkahawa. "Simama. Unataka kuzeekea kwangu?" Wakulima walioleta kahawa yao walikaa juu ya magunia wakisubiri zamu, wakila ndizi na kunitazama. Waliniita Gunia, kwa sababu na mimi nilifungwa na kutikiswa. Mwanzoni nililia. Baadaye niliwachukia, na chuki ilinisimamisha kuliko ile kanga.

Ukweli lazima niuseme, ingawa unanikera: miguu ilipata nguvu. Sijui ni ubao, sijui ni kijiti, sijui ni hasira. Msimu wa kahawa ulipokwisha nilikuwa napiga magoti na kuinuka bila kushika kitu. Shangazi akanirudisha Muleba akitembea kifua mbele, na baba akatuma habari kwa ukoo uliokuwa unatafuta mke.

Mshenga wao alikuja, mzee mnene mwenye sauti ya upole. Nyasi mpya zilitandikwa sakafuni. Niliingia na kikapu kidogo cha kahawa, nikapiga magoti, nikamwamkia. Akachukua punje kadhaa, akatafuna. Nikainuka. Peke yangu, bila ukuta, mgongo umenyooka. Nyuma ya kiambaza nilimsikia mama akishusha pumzi.

Mzee akanitazama, akacheka kidogo.

"Huyu si Gunia? Yule wa mashine, Bukoba. Kila nikipeleka kahawa yangu namkuta amefungwa."

Shangazi akatazama nyasi. Baba akakohoa, akamwita mdogo wangu wa kike aje amwamkie mgeni. Akaja, akachukua kikapu mkononi mwangu, akapiga magoti palepale nilipopiga mimi. Wakaanza kuongea habari zake.

Nilibaki nimesimama mpaka mazungumzo yakaisha. Hakuna aliyeniambia nikae, na miguu, ilaaniwe, haikutetemeka hata kidogo.