Msemaji wa Ndoa Amepewa Darasa

Hii habari hainijengi. Ukiifuata mpaka mwisho utaona mjinga ni mimi, na hakuna mwingine wa kugawana naye. Lakini watu wa Louisville wanaisimulia vibaya, wa Columbus wanaongeza chumvi, na wa Buffalo, wenye baridi imewapa muda mwingi wa kukaa ndani, wameifanya ndefu kama ibada ya Pasaka. Bon. Afadhali niseme mwenyewe.

Mimi nilimaliza shule ya msingi kule milimani, Kivu ya Kusini. Zingine vita ilimaliza. Sasa niko South End ya Louisville, kwenye ghala moja: maboksi yanaingia, maboksi yanatoka, na mimi niko katikati kama mlango. Hiyo ni katikati ya wiki. Jumamosi mimi ni mtu mwingine kabisa. Jumamosi navaa koti, mimi ni msemaji wa ndoa.

Kwetu kijana haombi mchumba kwa mdomo wake. Familia mbili zinakaa zikiangaliana, kila moja na msemaji wake. Yule wa kijana hataji msichana hata kidogo. Anasema walikuwa wanapita tu, wakasikia kiu. Yule wa msichana anajibu kwamba hapa hatujui watu wenye viatu vichafu namna hiyo. Wanatupiana maneno, wanataja ngombe ambazo hakuna mtu amewahi kuziona huku Amerika, watu wanacheka mpaka wanafuta machozi. Lakini chini ya kicheko kuna sheria. Ukipokea kinywaji cha wageni, umefungua mlango. Na neno la msemaji ni neno la familia. Likishatoka mbele ya wazee halirudi, hata kama liliteleza.

Hiyo kazi nimeifanya Louisville, nimeifanya Columbus, nimeifanya Buffalo kwenye theluji. Utani ni uleule. Nabadilisha rangi ya ngombe tu.

Sasa dada yangu mkubwa. Yeye anaangalia wazee kwenye nyumba ya wazee, na mume wake anafanya kazi ya usiku, kwa hiyo nyumbani sheria ni dada. Mtoto wake wa kwanza alimaliza sekondari, na siku hiyohiyo akamaliza pia kanisa, Kiswahili, na kupokea simu ya mama yake. Dada akaapa kwamba wa pili hatapotea. Wa pili ni msichana, na alikuwa amebakiza mwaka wa mwisho. Shule ilikuwa imempa nafasi kwenye darasa la uuguzi, wale watoto wanaovaa nguo za bluu wanaenda kujifunza hospitalini. Aliitaka hiyo nafasi mpaka chakula kilikuwa hakipiti. Ilikuwa inamngojea mpaka mwezi wa nane, shule ikifunguliwa. Baada ya hapo inaenda kwa mwingine.

Dada akasema hapana. Utasomea hapa mezani, mbele ya macho yangu.

Na wazo la meza lilitoka kwa mchungaji wetu wa Columbus. Yeye anakaa Hilliard, pembeni ya Columbus, na jirani yake ni Mmarekani anayefundisha watoto wake nyumbani kwa mtindo wa kale: Biblia, Kilatini, mantiki, halafu ufasaha wa kusema. Wale watoto, kama umekosea ukaingia pale, wanasimama, wanakupa mkono, wanakuangalia kwenye macho, wanakuuliza habari ya safari. Wazazi wetu wote waliwaona mara moja, wakarudi nyumbani wakaangalia wa kwao kwenye kochi na simu, wakaumia roho.

Basi tukaunda komite. Sisi Wakongomani mtu akifa, komite. Akizaliwa, komite. Kabla hatujapata hata kitabu kimoja tulikuwa na prezida, makamu, sekretari, washauri, na watu wa protokole. Protokole ya mkutano wa simu! Kazi yao ilikuwa kusema karibu, karibu, zima mikro yako, mama, tunasikia sufuria.

Kazi yetu ilikuwa kupanga programu ya watoto wakubwa wa miji mitatu. Kilatini tulimpa mwalimu mzee wa Buffalo. Zamani alikuwa prefe, mkuu wa shule ya sekondari kule kwetu, sasa anafunga vyuma kwenye kiwanda cha Tonawanda. Kilatini alifundishwa na mapadri, kwa hiyo anajua misa na hakuna kingine. Mtoto akitaka kuomba chumvi kwa Kilatini, mwalimu hana msaada. Akitaka kuzikwa, hata sasa hivi.

Hapo tukakwama. Mama mmoja akauliza kama Kilatini kimeokoka, juu yeye alikijua kwa Wakatoliki tu. Tulilibeba hilo swali mikutano mingi. Wengine walifunga na kuomba. Mwishowe mchungaji akasema lugha haibatizwi, anabatizwa anayeisema, tukaendelea.

Tukafika kwenye ufasaha.

"Donc, hiyo ufasaha njo nini?" dada akauliza.

"Ni kusema mbele ya watu mpaka wakubali," mchungaji akasema.

Halafu nikaona nyuso zote kwenye simu zimegeuka upande wangu. Sijui uso unageukaje kwenye simu, lakini ziligeuka.

"Kwa kusema, huyu anatosha," mwalimu wa Buffalo akasema.

"Prefe, huyu ni primere tu, shule ya msingi," mchungaji akajibu.

"Pasta, siku ya ndoa ya mutoto wako ulikuwa wapi? Si alikutoa ngombe mpaka ukaomba maji?"

Mchungaji akaanza kufuta kioo cha simu yake. Ile ndoa bado inamuuma.

"Kusema anajua," dada akamalizia. "Kunyamaza njo hatujamuona akijaribu."

Nikapewa darasa. Niliwaambia sitaki cheo. Kesho yake nilianza kujibu simu, "Allo, profesa."

Nilifundisha nini? Nilifundisha ninachojua, kwa simu, nimekaa pale mezani kwa dada. Usitaje unachotaka. Msifu adui mpaka alegee. Mchekeshe, juu mtu anayecheka hasikilizi vizuri. Kijana mmoja wa Columbus nilimpa zoezi la kuomba baiskeli ya jirani kama anaomba mchumba. Alianza vizuri, mwishowe akaomba msamaha akatoa ya kwake. Mwingine wa Buffalo alikuwa anasikiliza amelala, nikamsifu kwa utulivu.

Lakini mpwa wangu, yule wa uuguzi, alikuwa anasikiliza kweli. Alikaa pale mezani akinisikiliza kama afisa wa uhamiaji, yule anayejua jibu lako kabla ya swali. Alizoea kunijibu kwa Kingereza. Siku moja akauliza kwa Kingereza chake kama hii yote si uongo tu.

"Uongo hauna heshima," nikamwambia. "Hii iko na heshima."

Akafikiri. Halafu akaja kwa Kiswahili, polepole.

"Mujomba, na kama msemaji amekosea?"

"Neno limetoka. Hata alie."

"Hata kama mama wa musichana hakutaka?"

"Mama alimupa musemaji mudomo wake. Atamushitaki nani?"

"Na soda? Akikunywa soda, imeisha?"

"Akikunywa amefungua mulango. Hiyo hata mutoto anajua."

"Okey," akasema, akaenda kuosha vyombo. Mimi nikabaki pale na furaha. Nilimwambia dada, huyu mtoto amelipenda somo langu kabisa.

Mwisho wa mwezi wa saba tukakutana Columbus wote, ili watoto waonyeshe walichojifunza na komite ipitishe programu ya mwaka mzima. Columbus ilichaguliwa juu iko katikati ili mtu asilalamike. Wote walilalamika. Wa Buffalo walifika na vyakula vya kulisha kambi. Sisi wa Louisville tulifika tumechelewa, tukawalaumu kwamba walianza mapema.

Kilatini kilikuwa cha kwanza. Watoto walisimama wakaimba maneno ya mwalimu kwa sauti nzito, na bibi mmoja nyuma akavua kitambaa cha kichwa akauliza nani amekufa.

Halafu ufasaha. Darasa langu. Nilinyoosha koti.

Mpwa wangu akaingia na kitenge cha mama yake, na nyuma yake yule kijana wa baiskeli amebeba kreti ya soda. Akainama mbele ya wazee. Halafu akafungua kinywa, na kilichotoka ni Kiswahili kizima, hakuna hata neno moja la kukopa.

"Amani kwenu, wazee. Sisi ni watu wa mbali. Tulikuwa tunapita, tukasikia kiu. Soda tuko nayo wenyewe, tumekosa tu mahali pa kuifungulia."

Watu wakalipuka. Akina mama vigelegele. Mtu akapiga kelele, "Nani anasemea hii nyumba?" na dada yangu, machozi ya furaha kwenye macho, akanisukuma mgongo. "Simama! Simama unisemee!"

Ndugu unayenisikiliza, mtu akirusha mpira mbele ya mguu wangu mimi napiga. Nilisimama.

"Sisi hapa kiu hatuitibu," nikasema. "Lakini leteni hiyo soda tuione kama ni nzima." Nikafungua moja, nikanywa nusu. Kicheko. "Haya. Bwana wenu ni nani, huyu anayewatuma watoto?"

"Bwana wetu eko na nyumba kubwa, madirisha mingi. Batoto wamejaa, lakini kiti kimoja kiko tupu, na hicho kiti kinamunyima usingizi."

"Ngombe eko nazo?"

"Eko nazo. Za manjano."

"Za manjano!" Mimi nilikuwa tayari natafuta utani wangu unaofuata. "Zinakamuliwa?"

"Hazikamuliwi, mzee. Lakini zikisimama, barabara yote inasimama. Hata polisi anasimama."

Niliona watu wawili watatu wanaangaliana. Nikafikiri wanashangaa vile nimefundisha vizuri.

"Hizo ngombe ziko na heshima kushinda mimi!" nikasema. "Sasa mnatafuta nini hapa?"

"Kuna ua moja hapa ndani. Tunaliomba mwaka moja tu. Asubuhi tunalichukua, jioni linarudi. Jumapili ni lenu kabisa, liimbe kwaya."

Hapo mtu mwenye akili angeuliza ndoa gani ya kurudisha bibi harusi jioni. Mimi nikaona mlango mkubwa wa utani, nikaingia na miguu yote.

"Mwaka moja? Huyu bwana ni bahili gani! Chukueni! Na likirudi limenyauka, mutatuletea ngombe ingine ya manjano!" Nikamaliza soda, nikainua chupa juu kama kombe.

Watu walishangilia, lakini si wote, na nikaona dada yangu ameacha kupiga makofi. Mpwa wangu akapiga magoti.

"Asante, mzee. Wazee wote mumesikia."

"Tumesikia," mwalimu wa Buffalo akasema, anatoa miwani anaifuta. "Neno limetoka."

Nikacheka peke yangu. "Bon, bwana njo nani?"

"Ni shule, mujomba. Darasa la uuguzi. Ngombe ni mabasi ya shule."

Nilitafuta utani. Maisha yangu yote utani ulikuwa unakuja nikiita. Siku hiyo haukuja hata mmoja.

"Hapana, ngojeni," nikasema. "Hii ilikuwa zoezi. Mimi ni profesa!"

"Umekunywa soda," mchungaji akasema. Uso wake ulikuwa na raha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu wa Mungu. Ndoa ya mtoto wake ilikuwa inalipwa pale.

"Ni soda tu, Pasta!"

"Chupa iko tupu, profesa."

Dada alikuwa amekaa. Hakuna mtu aliyecheka tena. Mpwa wangu aliinuka akaenda mbele yake, na sasa mchezo ulikuwa umetoka kwenye sauti.

"Mama, mimi sitapotea. Jioni nitarudi. Kama ningekuwa napotea, haya yote ningeyasema kwa Kingereza."

Dada alimwangalia sana. Alivuta kitenge kwenye bega la mtoto, juu kilikuwa kimefungwa vibaya, akakifunga upya. Halafu akanyoosha mkono kwenye kreti, akachukua soda, akafungua kwa meno kama kule nyumbani, akanywa. Akina mama walipiga vigelegele mpaka mtu wa protokole akaomba utulivu, kazi yake ya kwanza ya kweli tangu achaguliwe.

Programu ilipita mchana huo: Biblia, mantiki, Kilatini mpaka kikolee. Somo la ufasaha lilisimamishwa kwanza, na komite ndogo ikaundwa ya kutafuta mwalimu mwingine. Nilijaribu kusema neno. Protokole akaniambia nizime mikro, na hatukuwa hata kwenye simu.

Kurudi Louisville niliendesha mimi. Mpwa wangu alilala nyuma, kitenge kimemfunika mpaka puani. Dada alikaa mbele hasemi, tukapita Cincinnati hasemi, tukavuka daraja la mto hasemi, na mimi naendesha vizuri sana, mikono miwili kwenye usukani, kama mtu wa mtihani. Tulipoingia Kentucky, jimbo letu, akageuka akamwangalia mtoto, akaniangalia na mimi.

"Siku ya ndoa yake ya kweli," akasema, "weye utakaa jikoni na masufuria. Atajisemea mwenyewe."